Bunge Liwe Kubwa, Lakini Mwananchi Asimame Wapi?

Mpango wa kujenga bunge jipya ukitangazwa popote duniani, maneno huanzia kwenye fedha. Wapo wanaouliza kwa nini wawakilishi wakae chini ya kuba na marumaru ilhali hospitali hazina vitanda. Wapo wanaojibu kwamba dola isiyo na nyumba ya heshima haiheshimiki, si ndani wala nje. Hoja zote mbili zina uzito na hakuna hata moja ya kubezwa. Ila naona pande zote mbili zimeshika kipimo kisichotosha. Zinabishania ukubwa na gharama, wakati kinachotofautisha jengo la wananchi na kasri la mtawala ni njia: raia anaingilia wapi, anaruhusiwa kufika wapi, na akishafika anasimama wapi mbele ya wale aliowachagua.

Anayepinga majengo makubwa hana mfano mzito kuliko Bucharest, mji mkuu wa Romania. Mwaka 1984 Nicolae Ceaușescu, dikteta wa nchi hiyo, alianza kujenga kasri ambalo sakafu zake zina jumla ya mita za mraba zipatazo 365,000. Ili kupata uwanja, mtaa wa kale wa Uranus ulibomolewa, nyumba na makanisa pamoja, na maelfu ya watu wakahamishwa. Miaka hiyohiyo Waromania walikuwa wakipanga foleni za mkate na kukaa na baridi majumbani, kwa sababu chakula kilikuwa kikiuzwa nje ili deni la taifa lilipwe. Ceaușescu alipouawa Desemba 1989 jengo lilikuwa halijakamilika. Waliomrithi walijikuta na mzigo ambao kuubomoa ni hasara na kuumalizia ni hasara. Wakaumalizia, na mwishowe bunge likahamia humo. Ukilitazama kutoka barabarani unaona safu ya madirisha, juu yake safu nyingine, na nyingine tena, mpaka jicho linashindwa kupata kitu chenye kimo cha mtu. Jengo hilo lilikusudiwa kumfanya anayelitazama ajione mdogo, na hadi leo linafanya kazi hiyohiyo.

Wala si madikteta peke yao wanaovunja bajeti. Bunge la Scotland mjini Edinburgh, kazi ya msanifu Mhispania Enric Miralles, lilikadiriwa mwanzoni kugharimu kati ya pauni milioni 10 na 40. Lilipofunguliwa mwaka 2004, likiwa limechelewa miaka mitatu, hesabu ilikuwa imefika pauni milioni 414. Mimi nalipenda jengo lile, lakini mlipakodi aliyekasirika alikuwa na haki ya kukasirika.

Watetezi nao wana Washington. Kuba tunalolijua la Capitol, jengo la bunge la Marekani, si la kwanza. La awali lilikuwa la mbao zilizofunikwa kwa shaba, na jengo lilipopanuliwa miaka ya 1850 likaonekana dogo mno. Thomas U. Walter akachora jipya la chuma cha kusubu, kikapakwa rangi kifanane na mawe yaliyo chini yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 serikali iliamuru kazi isimame. Mkandarasi, ambaye shehena kubwa ya chuma chake ilikuwa imeshafika, akaendelea kufunga vipande bila uhakika wa kulipwa. Tarehe 2 Desemba 1863, mizinga ikiwa bado inalia, sanamu inayoitwa Uhuru iliwekwa kileleni. Kwa nchi iliyokuwa ikipasuka katikati, kuba lile lililozidi kupanda lilitangaza jambo ambalo hotuba isingeweza kulitangaza: kwamba wapo wanaoamini kutakuwa na bunge kesho. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema ukumbi wa bati ungetosha. Taifa linahitaji mahali panapowazidi umri viongozi wake.

Jengo hilohilo lina habari nyingine, na ni lazima isemwe pamoja na ile ya kwanza. Mfano wa plasta wa sanamu ya Uhuru uliletwa vipande vipande kutoka Roma, ukaunganishwa, na maungio yakafichwa. Ulipotakiwa kupelekwa kiwandani kusubiwa kwa shaba nyeusi, fundi aliyeuunganisha alikataa kuonyesha maungio yalipo mpaka aongezewe malipo. Philip Reid, mtumwa aliyefanya kazi katika kiwanda hicho, ndiye aliyepata ufumbuzi. Kamba ilifungwa kwenye pete iliyokuwa utosini mwa sanamu, ikavutwa polepole kwa kapi mpaka nyufa nyembamba zikajitokeza na kuonyesha kila kipande kinapoanzia. Reid alipata uhuru wake mwaka 1862, sheria ilipofuta utumwa katika mji ule, sanamu ikiwa bado haijapandishwa. Leo mfano ule wa plasta umesimama katika ukumbi wa wageni, nao ukumbi umepewa jina la Ukombozi kwa heshima ya watumwa waliojenga Capitol. Huo ni uamuzi mwema. Fahari isiyotaja jasho la waliotumikishwa ni nusu ya ukweli.

Kuna jambo jingine ambalo mabishano ya gharama hulipita. Umbo la ndani huongoza siasa yenyewe. Ukumbi wa Baraza la Makabwela la bunge la Uingereza mjini London ulipoteketezwa kwa mabomu mwaka 1941, waziri mkuu Winston Churchill alisisitiza ujengwe upya kama ulivyokuwa: mdogo, madawati yakitazamana, viti visiwatoshe wabunge wote. Hoja yake ilikuwa kwamba ukumbi mkubwa hukaa mtupu siku za kawaida na mjadala ukapoa, ilhali ukumbi mdogo ukifurika siku ya jambo zito kila mmoja anahisi uzito huo. Mpaka leo una viti 427 kwa wabunge 650. Katika mabunge mengi mengine wabunge hukaa nusu duara, na hapo mstari kati ya chama na chama hauonekani wazi kiasi kile. Kwa hiyo anayechora ukumbi anachora pia namna watu watakavyopingana.

Turudi kwenye njia ya raia. Berlin ndiyo inayonishawishi zaidi. Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani, iliungua mwaka 1933, ikaharibiwa tena vitani, na ilipokarabatiwa msanifu Norman Foster akaiwekea kuba la kioo lililofunguliwa mwaka 1999. Mgeni hupanda njia inayozunguka ndani ya kuba, bila kulipa chochote, na chini ya miguu yake, nyuma ya kioo, upo ukumbi wa wabunge. Jengo ni kubwa, ni zito, lina nguzo na ngazi za enzi ya wafalme, lakini raia yuko juu na mbunge yuko chini. Canberra, mji mkuu wa Australia, walifikiri vivyo hivyo: bunge lililofunguliwa mwaka 1988 lilifunikwa kwa nyasi ili watu waweze kutembea juu yake. Baadaye uzio ukajengwa kwenye miteremko ile kwa sababu za usalama.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Januari 2021 Capitol ilivamiwa, na Januari 2023 wavamizi wakaingia katika bunge la Brazil mjini Brasília, kazi maarufu ya Oscar Niemeyer. Walinzi wana wajibu wao na siwalaumu. Lakini uzio ukishasimama ni nadra kuondolewa, na jengo lililochorwa kwa ajili ya miguu ya watu, likizungushiwa uzio, linabaki na gharama yake huku sababu ya kulijenga imeondoka.

Oktoba 2014 waandamanaji walichoma moto bunge la Burkina Faso mjini Ouagadougou. Msanifu Francis Kéré, mzaliwa wa nchi hiyo, akachora bunge jingine lenye umbo la piramidi ya ngazi, ili wananchi wapande mpaka juu na kuutazama mji wao kutoka kwenye paa la wawakilishi wao. Kwa mchoro wa namna hiyo niko tayari kutetea hata bajeti nene, mradi makadirio yawekwe hadharani tangu siku ya kwanza, na ngazi zile zisije zikafungwa kimyakimya mwaka mmoja baada ya ufunguzi.