Fomu Tupu Haimaanishi Taarifa Zimepungua

Mwanafunzi akishindwa kujaza fomu ya kuchagua kozi, huongezewa taarifa: vipeperushi, orodha za vyuo, viwango vya mishahara. Wiki inapita, fomu bado tupu. Watetezi wa akili hisia, yaani ustadi wa kuzielewa hisia, wanasema kinachomkwamisha hakimo kwenye vipeperushi, lakini wengi huwasikia kama wahubiri wa kutabasamu na kuwaza mema. Sivyo.

Wanasaikolojia Salovey na Mayer walipoieleza akili hisia mwaka 1990, walitaja uwezo wa kufuatilia hisia, kuzitofautisha, na kuzitumia katika kufikiri na kutenda. Hapo kwenye kuzitofautisha ndipo penye kazi. "Naogopa uhandisi" yaweza kuwa hofu ya hisabati, hofu ya kumuudhi baba, au hofu kwamba ukishaingia hutoki. Ya kwanza inataka mazoezi na mwalimu. Ya pili, mazungumzo nyumbani. Ya tatu, kujua kama chuo kinaruhusu kuhama kozi. Kipeperushi kinaifaa hiyo ya tatu tu. Asiyezitenganisha ataendelea kuomba vipeperushi.

Mwanasaikolojia Bandura naye, mwaka 1977, alihesabu hali ya mwili na hisia kati ya vyanzo vinne vya mtu kuamini kwamba anaweza. Moyo ukidunda kabla ya usaili, kijana huuchukulia kuwa ushahidi kwamba hafai.

Wakosoaji wana hoja nzito. Kujiamini katika uamuzi wa kazi, tangu watafiti Taylor na Betz mwaka 1983, hupimwa kwa hojaji ambayo mwanafunzi hujijazia. Akili hisia nayo mara nyingi hupimwa hivyo hivyo. Anayejipa alama za juu huku atajipa na kule, na uwiano kati ya hivyo viwili hupanda. Tena hata uwiano huo ukiwa 0.4, ukizidishwa kwa wenyewe ni 0.16: unaeleza asilimia 16 tu ya tofauti za kujiamini kati ya wanafunzi. Ada, alama za mtihani na nafasi za kazi zimo katika 84 zilizobaki. Na kujiamini si sawa na kuchagua vizuri.

Hata hivyo, hiyo 16 naing'ang'ania. Mshauri hawezi kupunguza ada katika kikao cha nusu saa, ila anaweza kuuliza, "Unaogopa nini hasa?", akaandika kila hofu mstari wake na pembeni hatua moja ya kuipunguza. Panapoharibika ni pale anapompa kijana hojaji, akajumlisha alama na kumwambia akili hisia yake iko chini. Kijana huyo ameingia na hofu tatu, anatoka na nne.