Lugha Mbili za Kigeni kwa Kila Mtoto: Lengo la Ulaya Limekwama Wapi?

Machi 2002 wakuu wa nchi za Umoja wa Ulaya walikutana Barcelona, wakakubaliana kwamba kila mtoto afundishwe angalau lugha mbili za kigeni tangu akiwa mdogo. Uchunguzi wa maoni wa Eurobarometer wa 2024 unaonyesha walipofika. Asilimia 59 ya raia wanasema wanaweza kuzungumza angalau lugha moja zaidi ya ile waliyokulia. Wanaoweza mbili au zaidi ni asilimia 28 tu. Kiingereza peke yake kina asilimia 47, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 24 kinafika 70. Lugha ya kwanza ya kigeni imepatikana, na mara nyingi ni Kiingereza. Ya pili ndiyo iliyokwama.

Takwimu hizo ni za watu kujipima wenyewe, na mtu akiulizwa kama anajua lugha hujipendelea. Mwaka 2011 nchi 14 ziliwapima kwa mtihani wanafunzi wapatao 54,000 waliokuwa wakimaliza sekondari ya awali. Katika lugha yao ya kwanza ya kigeni, asilimia 42 tu walifika B1 au zaidi katika ngazi za Ulaya za kupima lugha, zinazoanzia A1 hadi C2. B1 ni kiwango cha kujitegemea katika mazungumzo ya kawaida. Sweden ilipata asilimia 82 kwa Kiingereza, Ufaransa 14 kwa Kiingereza hichohicho, na England asilimia 9 kwa Kifaransa.

Kwa nini lugha ya pili haishiki? Piga hesabu ya vipindi. Kwa Kiingereza, makadirio ya Cambridge, watunzi wa mitihani ya lugha hiyo, ni kwamba kufika A2 huhitaji saa 180 hadi 200 za kufundishwa, na B1 saa 350 hadi 400. Chukua shule yenye vipindi viwili vya dakika 45 kwa wiki, kwa wiki 36 za masomo: hizo ni saa 54 kwa mwaka. Miaka minne inatoa saa 216. Mwanafunzi anafika A2, anaweza kujitambulisha na kuagiza chakula, kisha somo linakuwa la hiari naye analiacha. England ilifanya hivyo hasa mwaka 2004, lugha ya kigeni ilipoacha kuwa lazima kuanzia umri wa miaka 14. Usimlaumu mwalimu, saa hazikutosha.

Kiingereza hakipati shida hiyo kwa sababu saa zake nyingi ziko nje ya darasa. Sweden na Uholanzi huonyesha filamu za watu wazima kwa sauti ya asili na manukuu chini ya picha. Ujerumani, Italia na Hispania zimezoea kuingiza sauti mpya za lugha yao. Hispania ililazimisha jambo hilo kwa amri ya 1941, enzi za dikteta Franco, na mazoea yakabaki. Kifaransa au Kijerumani hakina msaada wa aina hiyo kwa kijana wa Stockholm.

Wapo wanaosema basi Kiingereza kinatosha, saa zilizobaki ziende kwenye hisabati. Hoja hii si ya kupuuzwa: lugha moja inayozungumzwa vizuri ina faida kuliko mbili za kubabaisha. Lakini soko la kazi linaijibu vingine. Muuguzi mgeni anayetaka kusajiliwa Ujerumani kwa kawaida hudaiwa B2 ya Kijerumani, na Kiingereza chake hakimsaidii mbele ya mgonjwa mzee. Wananchi wenyewe wanavuta huku na huku. Katika Eurobarometer ya 2012, asilimia 81 walitaka lugha zote za Umoja zipewe haki sawa, na asilimia 69 walitaka watu wa Umoja wa Ulaya wawe na lugha moja ya pamoja. Ni wazi wengi walikubali yote mawili.

Kwa maoni yangu, mjadala huu unaruka jambo moja: lugha ya pili mara nyingi imeshaingia darasani, ila haihesabiwi. Kule Denmark, mtoto wa wazazi wanaozungumza Kituruki, Kisomali au Kiswahili anaitwa mwenye upungufu wa Kidenmaki kabla ya kuitwa mwenye lugha mbili. Mwaka 2002 nchi hiyo iliondoa wajibu wa manispaa kufundisha lugha ya nyumbani kwa watoto wenye asili ya nje ya Umoja wa Ulaya na nchi zilizo nao katika eneo moja la kiuchumi, kwa hoja kwamba muda huo uende kwenye Kidenmaki. Hofu ya wazazi na walimu kuhusu watoto wanaomaliza shule bila lugha ya nchi ni ya kweli. Hata hivyo, watoto wa nchi za Umoja waliachiwa haki hiyohiyo, kwa hiyo muda haukuwa kikwazo pekee.

Sweden imeshika njia nyingine tangu mageuzi ya 1977. Mtoto anayetumia lugha nyingine nyumbani kila siku anaweza kufundishwa lugha hiyo shuleni ikiwa angalau wanafunzi watano katika manispaa wanaihitaji na mwalimu anayefaa yupo. Hupewa alama, na anaweza kuichagua mahali pa Kifaransa, Kijerumani au Kihispania. Utaratibu huu hukwama kwenye mambo madogo: mara nyingi vipindi huwekwa baada ya saa za shule, huwa kimoja kwa wiki, na kwa lugha yenye wasemaji wachache mwalimu hapatikani. Mzazi wa huko anayetaka Kiswahili aanze kwa kuwatafuta wenzake wanne, kisha waombe pamoja.