Tao la umeme ndani ya ombwe: lizungushwe au litawanywe?

Baadhi ya sakiti breka, yaani swichi zinazokata umeme panapotokea shoti, huweka kontakti zake (vipande vya metali vinavyogusana ili mkondo upite) ndani ya ombwe. Zikiachana huwaka tao, yaani cheche nene inayoendelea kupitisha umeme. Ombwe halina hewa, basi tao la umeme litawakaje humo? Jibu ni kwamba hujitengenezea njia. Kontakti mbili zikiachana huku mkondo unapita, metali huchemka kwenye madoa madogo mno ya katodi (kontakti ya upande hasi), na mvuke wake ndio unaobeba umeme. Kwa shaba, doa moja hubeba makumi ya ampea hadi kama mia. Mkondo ukiongezeka, madoa nayo huongezeka, tena husukumana.

Ukileta uga wa sumaku unaolala sambamba na uso wa katodi, madoa hayo hukimbia kinyume kabisa na upande ambao nguvu ya sumaku ingepaswa kuyasukuma. Johannes Stark aliliona jambo hilo kwenye zebaki mwaka 1903, na mpaka leo wanafizikia wanabishana kuhusu sababu yake.

Wahandisi wa sakiti breka hawakusubiri ubishi huo uishe. Shida yao huanza pale mkondo wa shoti unapopita takriban ampea 10,000: tao lililokuwa limetawanyika hujikusanya likawa nguzo moja, anodi (kontakti ya upande chanya) nayo huanza kuyeyuka. Mkondo huu hugeuza upande mara kwa mara, na kila ukipita sifuri tao hupata nafasi ya kuzimika; lakini uso ulioyeyuka bado unatoa mvuke, na tao linaweza kuwaka upya.

Wahandisi wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza husema liache lijikusanye, ila lisitulie. Kontakti huchongwa mifereji ya mzunguko ili mkondo wenyewe uzae uga unaokatiza tao, nalo hukimbizwa kuzunguka ukingo kwa kasi inayoweza kufika mamia ya mita kwa sekunde. (Nguzo hii nene, tofauti na yale madoa, hutii upande wa kawaida wa nguvu ya sumaku.) Kambi ya pili huelekeza uga kutoka kontakti moja hadi nyingine, sambamba na tao. Elektroni hushikwa na mistari ya uga zisitoroke pembeni, tao hubaki limetawanyika, volteji yake hushuka na kontakti haziliki sana.

Kwa maelezo hayo kambi ya pili imeshinda, na kwa mikondo mikubwa sana ya shoti ndivyo ninavyoona pia. Lakini uga huo una gharama. Ili uzaliwe, mkondo lazima upitishwe kwenye njia ndefu yenye umbo la koili nyuma ya kontakti, na njia ndefu ina ukinzani zaidi. Tao huishi sehemu ndogo ya sekunde. Breka hukaa imefungwa miaka, ikipitisha mkondo wa kawaida na kupata joto muda wote huo. Wanaosifu mtindo huu kwa majaribio ya shoti peke yake hulisahau hilo.

Kuna na uga unaobaki. Mikondo ya mzunguko ndani ya kontakti huuchelewesha, hivyo mkondo mkuu unapofika sifuri uga bado upo kidogo na unazuia plazima (ule mvuke unaobeba umeme) kutawanyika, wakati ambao ndipo inapotakiwa itoweke haraka. Ndiyo maana kontakti hizo hukatwa mipasuko. Mipasuko hupunguza tatizo, lakini pia huidhoofisha metali inayopigwa kwa nguvu kila breka inapofungwa. Panapo mkondo mkubwa wa kila siku na shoti ya wastani, mimi ningechagua kulizungusha tao.