Anayejenga Kigunduzi Naye Ni Mwanafizikia

Kila ninaposoma habari za chembe ya Higgs, ile inayohusishwa na jinsi chembe nyingine za msingi zinavyopata tungamo, ambayo kupatikana kwake kulitangazwa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyo jirani na Geneva, tarehe 4 Julai 2012, naona sifa zikiwaendea waliotabiri kuwapo kwake mwaka 1964. Peter Higgs na François Englert walistahili Tuzo ya Nobel ya mwaka 2013, na juu ya hilo sina neno. Linaloniuma ni ile dhana, iliyomo hata miongoni mwa wasomi, kwamba mtu anayetumia ujana wake wote kwenye vigunduzi vya chembe, yaani mitambo inayonasa alama za chembe, ni fundi tu wa kuwatayarishia vyombo wanafizikia wenyewe.

Tukitazame kigunduzi cha CMS, kimojawapo cha vile vilivyoiona chembe ya Higgs, chenye uzito wa tani 14,000, kilichomo chini ya ardhi ya Ufaransa kwenye ile mashine ya duara ya kilomita 27 inayogonganisha protoni. Ndani yake mna fuwele zaidi ya 75,000 za risasi, tangsteni na oksijeni. Ukiishika mojawapo, macho yatakuambia ni kioo na mkono utakuambia ni chuma, kwani ni angavu kabisa na bado ni nzito kuliko kipande cha chuma cha ukubwa uleule. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, yenye nishati kubwa ikiingia humo huzaa manyunyu ya elektroni, positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) na fotoni ndogondogo, na fuwele hutoa mwanga hafifu ambao kiasi chake ndicho kipimo cha nishati ya fotoni iliyoingia.

Chembe ya Higgs huvunjika kuwa fotoni mbili takriban mara 2 tu katika kila 1,000, na hiyo ni mojawapo ya njia zilizoifichua. Lakini mionzi ya migongano huzitia fuwele ukungu, kisha migongano ikisimama ukungu huo hupungua, hata fotoni mbili zenye nishati sawa zikaonekana tofauti kwa sababu tu zimepita siku tofauti. Ndiyo maana mwanga wa leza hupitishwa ndani ya fuwele tena na tena wakati mashine inafanya kazi, ili ijulikane kila moja imefifia kiasi gani. Bila masahihisho hayo, kile kilima kidogo kwenye grafu, kinachotokana na jozi za fotoni zilizozaliwa na Higgs, kingetawanyika na kuzama miongoni mwa matukio ya kawaida. Sioni namna ya kuiita kazi hiyo ufundi mtupu.

Georges Charpak, aliyebuni chemba ya nyaya nyingi, chombo kinachoonyesha chembe imepita wapi kwa nyaya nyembamba zenye umeme, mwaka 1968, alipewa Nobel mwaka 1992 kwa vigunduzi vyake. Wenzake waliopata heshima kama hiyo ni wachache mno.

Tena kuna suala la kuchuja, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Vifurushi vya protoni hupishana hadi mara milioni 40 kwa sekunde, na hakuna ghala la kuhifadhi yote yanayotokea. Saketi za kigunduzi huamua ndani ya mikrosekunde chache tukio lipi lisonge mbele, takriban 100,000 kwa sekunde, kisha kompyuta hubakiza sehemu ndogo tu ya hayo. Kilichotupwa hakirudi. Anayeandika kanuni za uchujaji huo analazimika kukisia mapema maumbile yanaweza kufanya nini, kwa maana chembe mpya inayosafiri kitambo kabla ya kuvunjika, ikaacha alama zake mbali na kitovu cha mgongano, inaweza kutupwa kila siku kwa sababu hakuna aliyewahi kuiandikia kanuni ya kuipokea.