Picha Moja na Shangazi

Ukimpeleka mtu Warner Bros. World, ile bustani ya michezo ya katuni kule Abu Dhabi, mwambie mapema kwamba mto na kiyoyozi viko ndani ya jengo moja. Mengine atayajua mwenyewe akifika. Sisi hatukuwa na wa kutuambia, maana tulikwenda Agosti 2018 na pahala penyewe pamefunguliwa tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Kila tuliyemuuliza naye alikuwa akijiandaa kwenda.

Shangazi alikuwa amekuja Dubai kutoka Mombasa pamoja na mjukuu wake, likizo ya shule. Yeye alitaka Deira, akaangalie dhahabu. Mtoto alitaka Tom na Jerry, na akalia mpaka akashinda. Joto lenyewe lilikuwa lile la Agosti, kitasa cha gari unakishika kwa ncha ya mtandio. Ungetaja neno sweta siku ile, watu wangekupima homa. Shangazi akavaa dera, juu yake buibui jepesi, na mkobani akatia leso zake mbili za kuswalia: rangi ya chungwa, madoadoa makubwa meusi, na chini jina limeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Hizo leso zikumbuke.

Pale Yas, kisiwa ilipo bustani hiyo, huwezi kupotea. Hapo jirani ndipo ilipo Ferrari World, bustani nyingine ya michezo, ile yenye paa jekundu inayoonekana hata na walio angani. Hangaiko lilianza dirishani. Siku zile bei ya tiketi ilikuwa ikitazama kimo: aliye chini ya mita 1.1 alipunguziwa, aliyepita hapo alikuwa akilipa dirhamu 295. Shangazi akazigeuza kuwa shilingi za Kenya kichwani, akapata zaidi ya elfu nane, akamsogelea binti wa dirishani.

"Mwanangu, sisi watu wa nyumbani. Bei ya mwisho ngapi?"

Binti, Mfilipino mwenye subira, akatabasamu akasema dirhamu 295. Shangazi, mteja wa soko la Marikiti, Mombasa, tangu sijazaliwa, akageuka akaondoka hatua chache, akingoja kuitwa. Hakuitwa. Akarudi. Zamu ya mtoto kupimwa ilipofika, akamnong'oneza akunje magoti kidogo. Mtoto akauliza kwa sauti iliyofika foleni yote, "Nikunje mpaka wapi, nyanya?"

Tukalipa.

Ndani ni jengo moja kubwa lenye sehemu sita, na kila sehemu ina mbingu yake iliyochorwa darini. Gotham, kwa kina Batman, ni usiku wa manane muda wote. Ukitoka hapo ukaingia mtaa wa Bugs Bunny, ni asubuhi yenye jua kali lisilochoma. Watu wanashangaa, wanapiga picha. Shangazi alisimama katikati ya njia, mkono kiunoni.

"Hebu nambie, adhuhuri imeingia au imepita?"

Chumba cha kuswalia kipo, uliza tu wahudumu watakuonyesha. Ila saa itazame kwenye simu, maana jua la humu halijapata kutua tangu lipakwe rangi.

Mchezo wa Tom na Jerry ni kiberenge cha kwenye reli ambacho, juu ya kukimbia, kinazunguka. Sitaueleza sana. Shangazi alishuka ushungi umegeuka, sikio liko pale palipopaswa kuwa na uso, akasema kwa sauti ndogo kwamba sasa angependa mchezo wa kukaa. Tukatazama ramani. Bedrock, kwa kina Flintstones wa katuni, kuna mto wenye vyombo vya kupanda. Kitu gani kingemfaa zaidi mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, karibu na bahari?

Bedrock ni kijiji cha watu wa zama za mawe: nyumba za mapango, majabali ya bandia, kila kitu kimetengenezwa kionekane kimechongwa kwa shoka. Kijana wa mlangoni akatuonyesha kwa mikono kwamba mbele kuna maji. Shangazi naye akamjibu kwa mikono kwamba anajua, kisha akakaa siti ya mbele kabisa. "Maji? Mimi nimelelewa na maji."

Chombo kikaenda taratibu, tukapita watu wa mawe wakipika na kuvua. Shangazi akawapungia. Halafu chombo kikaanza kupanda kilima. Akaacha kupunga. Kule juu kikasita, akapata nafasi ya kusema, "Mbona mto huu unapa…" Kilichofuata hapo ni maji. Yalimwingia kwenye shingo ya buibui yakatokea kwenye mikono. Mimi niliyekuwa nyuma yake nilipata matone mawili matatu tu, kwa sababu yeye ni mpana na aliyazuia yote.

Sasa rudi kwenye kiyoyozi. Nje jua linakausha nguo kabla hujamaliza kuanika, lakini nje ni mbali, na humu ndani baridi inapuliziwa maelfu ya watu waliokimbia joto. Shangazi meno yakaanza kupiga chapuo. Nikamwacha kwenye jabali moja karibu na choo cha wanawake, nikamshika mtoto mkono tukakimbia kutafuta nguo kavu. Wenye duka la karibu walikuwa na vya watoto. La pili, vikombe. Mwishowe nikapata sweta saizi ya Shangazi, nyeusi, na kifuani popo wa Batman kanyoosha mbawa. Bei yake sitaitaja, Shangazi anaweza kusoma haya.

Tuliporudi, hatukumwona. Tuliona foleni.

Foleni ilianzia penye jabali, ikazunguka mti wa bandia, na bado watu walikuwa wakija kuijazia nyuma. Nikajua amezimia. Nikapenya huku nikiomba radhi kwa lugha zote ninazozijua, hadi mbele. Shangazi kakaa juu ya jabali, mzima wa afya. Buibui alikuwa kalivua kaliviringisha kwapani. Leso moja kajifunga kifuani juu ya dera, ya pili kajitanda kichwani, chungwa na madoa meusi kuanzia utosini mpaka miguuni, na nyuma yake pango. Mbele yake baba mmoja wa Kihindi alikuwa akiinua simu, mwanawe kaegemezwa begani kwa Shangazi.

"Watu wa hapa wana adabu," akaniambia bila kuinuka. "Wameniona mgeni, wanaleta watoto wao kunisalimu. Haya, mwengine! Hujambo, mwanangu? Mamako hajambo?"

Kila mtoto alishikwa kichwa, akasomewa dua fupi, akapulizwa utosini. Wazazi walidhani hiyo ni sehemu ya onyesho. Kitoto kimoja cha Kirusi kilipulizwa kikacheka, kikarudi mwisho wa foleni kungoja kupulizwa tena. Nilitaka kusema neno, lakini kila nikifungua mdomo ninapewa simu ya mtu niwapige picha.

Aliyetutoa ni mama mmoja wa Kiomani, watoto wake wanne mbele yake. Alipofika karibu akainama akasoma leso, akasoma tena, kisha akashika mdomo.

"Bibi," akasema kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, "kwani nawe umeajiriwa hapa?"

Shangazi akamtazama. Akaitazama foleni. Akayatazama madoadoa kwenye leso yake, halafu picha kubwa ya bwana wa Flintstones ukutani, naye na nguo yake ya chungwa yenye madoa meusi. Nilidhani atashuka.

"Wanalipwa kiasi gani?" akauliza.

Kabla hajajibiwa, mlango ukafunguka pembeni na bwana wa Flintstones akatoka mwenyewe, kichwa kikubwa kinayumba, msaidizi wake kamshika kiwiko ili asijikwae. Watoto wakapiga kelele. Sare sare maua, yeye na Shangazi! Yule bwana naye akasimama, nadhani hakuambiwa kwamba leo wako wawili. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akafungua mikono yake yote miwili kuja kumkumbatia.

Shangazi aliruka kutoka kwenye jabali kwa wepesi nisioujua kwake.

"Simama hapohapo! Wewe si maharimu wangu!"

Bwana hakuelewa lakini alisimama. Mwishoni walisalimiana, mkono wa Shangazi ukiwa ndani ya pindo la leso, na simu zisizopungua ishirini zikapiga picha. Mama wa Kiomani alikuwa amekaa chini, anafuta machozi.

Sweta hakuvaa. Nilipoikunjua akaona kilichochorwa kifuani, akaisukuma kwa kidole. "Popo? Mtu wa pwani unamvisha popo?" Nimebaki nayo mimi, inanipwaya.

Tukitoka tulipita kwenye meza wanapouza picha. Kijana akamwonyesha Shangazi za kwenye kioo, akamwambia achague, atamtengenezea fremu nzuri. Shangazi akauliza bei. Akatajiwa.

"Mwambie," akanigeukia huku akijifunga leso upya, "tangu adhuhuri napigwa picha bure. Nitalipa leo?"