Francis Stevens: sifa anazostahili au kilemba cha ukoka?

Kila baada ya miaka kadhaa mchapishaji mmoja wa Marekani humtangaza Francis Stevens, Mmarekani aliyeandika hadithi za ajabu mwanzoni mwa karne ya ishirini, kuwa mwandishi "aliyesahauliwa". Tarehe zinamkana. Riwaya yake *Claimed* ilirudiwa na jarida la Famous Fantastic Mysteries mwaka 1941, na *Citadel of Fear* mwaka uliofuata. *The Heads of Cerberus* ikatoka kama kitabu mwaka 1952. Mwaka 2004 University of Nebraska Press ikatoa mkusanyo wa hadithi zake, na katika miaka ya karibuni Modern Library na MIT Press nazo zimemchapa. Mtu huyu hajasahauliwa mara moja tu. Anafufuliwa, anazikwa, anafufuliwa tena. Kinachofaa kuulizwa ni kwa nini hadumu.

Jina lake halisi lilikuwa Gertrude Barrows Bennett, mzaliwa wa Minneapolis. Hadithi yake ya kwanza ilitoka katika jarida la Argosy mwaka 1904. Kisha akanyamaza kwa zaidi ya miaka kumi. Mumewe alikufa mwaka 1910 na kumwachia mtoto mchanga, naye akaishi Philadelphia kwa kazi ya karani wa hati mkato. Alirudi kwenye kalamu mwaka 1917, alipokuwa pia anamuuguza mama yake. Jina Francis Stevens alipewa na mhariri. Yeye alikuwa ameomba jingine. Mama alipofariki mwaka 1920 aliacha kuandika, na ya mwisho kutoka ilikuwa *Sunfire*, katika Weird Tales mwaka 1923. Kwa hiyo karibu kazi zake zote ni za miaka mitatu hivi, zilizoandikwa kwa sababu nyumbani kulihitajika fedha.

Tatizo la wafufuaji wake ni kwamba karibu kila mara wamemwegemeza kwenye jina la mtu mwingine. Kwa miaka mingi wasomaji waliamini kuwa Stevens ni A. Merritt, mwandishi mwingine wa hadithi za ajabu, aliyejificha. Wengine wakasema alimwiga, ilhali *The Nightmare* ya Stevens ilitoka Aprili 1917 na hadithi ya kwanza ya ajabu ya Merritt ikaja Novemba mwaka huohuo. Baadaye ikapatikana barua ya mwaka 1919 iliyomsifu Stevens katika Argosy, yenye saini ya Augustus T. Swift wa mji wa Providence. Ikadaiwa kuwa Swift ni H. P. Lovecraft, mwandishi mashuhuri wa hadithi za kutisha, na sifa hizo zikabandikwa kwenye majalada kama hirizi. Uchunguzi ukaonyesha kwamba Swift alikuwa mtu halisi, mkazi tu wa mji mmoja na Lovecraft. Nguzo zote mbili zikaanguka.

Nguzo ya sasa ni "mwanamke aliyebuni hadithi za ajabu zenye kutisha". Wanaoitetea wana hoja nzito: bila lebo, kitabu hakipati nafasi dukani, na mwalimu hana sababu ya kukiweka kwenye mtaala. Lakini lebo hiyo inamfanya kuwa wa kwanza, na neno "wa kwanza" ni la hatari. Mary E. Bradley Lane alikwisha kuchapa *Mizora*, riwaya ya nchi ya kubuni, gazetini mwaka 1880 na 1881, na Charlotte Perkins Gilman alitoa *Herland*, nayo ya namna hiyo, mwaka 1915 katika jarida lake mwenyewe. Tunachoweza kusimamia ni kwamba Bennett alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuchapa hadithi za namna hii tena na tena katika majarida ya bei nafuu yenye wasomaji wengi. Dai hilo ni dogo zaidi, ila msomaji mkorofi hawezi kulibomoa kwa tarehe moja.

Na maandishi yenyewe? *The Heads of Cerberus* inasimama kwa miguu yake. Watu wa mwaka 1918 wanavuta vumbi la kijivu na kujikuta Philadelphia ya mwaka 2118, ambako raia wa kawaida hawana majina ila namba, na vyeo vinapatikana kwa mashindano ambayo watawala wamekwisha kuyapanga. *Citadel of Fear* inasifiwa kupita kiasi, kwa maoni yangu. Inaanza katika mji uliofichika Mexico, kisha inahamia Marekani, na kiungo kati ya nusu hizo kinalegea. Pia inawachora wenyeji wa Mexico kwa dhana za rangi za wakati wake. Kuzikata ni kosa. Utangulizi wa kurasa tatu unatosha kuzitaja.

Anayetaka kumrudisha mwandishi wa aina hii aanzie kwenye jarida la kwanza, si kwenye toleo la marudio. *Citadel of Fear* iligawanywa sehemu saba, kuanzia Septemba 14 hadi Oktoba 26, 1918. Toleo moja likikosekana, riwaya ina shimo. Karatasi ile ya massa ya mbao ina asidi, hugeuka kahawia na kumeguka kwenye mikunjo, hivyo pigeni picha kila ukurasa bila kuubana mgongo wa jarida. Programu ya kompyuta ya kusoma maandishi kwenye picha hizo huchanganya safu mbili za ukurasa, husoma "rn" kuwa "m", na huingiza muhtasari wa "yaliyopita" katikati ya sura. Hakimiliki si kikwazo: Marekani, kazi iliyochapwa enzi hizo hulindwa kwa miaka 95 tu tangu kuchapwa, na zake zote zimeshapita.

Wasifu nao uhakikiwe kwenye kumbukumbu za serikali. Kwa miongo mingi iliandikwa kwamba Bennett alikufa mwaka 1939, kumbe huo ni mwaka wa barua yake ya mwisho kwa binti yake. Cheti cha kifo kinasema 1948.