Pampu ya joto imezeeka: waranti ya nyumba itakununulia mpya?

Marekani, muuzaji wa nyumba anayetaka biashara ifungwe haraka mara nyingi humlipia mnunuzi waranti ya nyumba ya mwaka mmoja, kama nyongeza. Mnunuzi anazunguka nyuma, anaiona pampu ya joto, mashine inayopoza nyumba na kuipasha, imeshika kutu miguuni na mapezi yake ya alumini yamelala, anajiambia: si neno, ikifa watanipa mpya. Wengi wetu kutoka Afrika Mashariki na Kongo tulionunua nyumba North Carolina, Georgia au Texas tumeingia na matumaini hayo. Hayakosi ukweli, ila ukweli wenyewe ni mdogo kuliko tunavyodhani.

Tutenganishe karatasi kwanza, maana zinachanganywa kila siku. Bima ya nyumba hulipa moto, dhoruba, mti ulioangukia paa. Uchakavu wa mashine haumo. Waranti ya kiwanda ni ahadi ya mtengenezaji juu ya vipuri, mara nyingi miaka 10 kama mashine ilisajiliwa mapema, na ujira wa fundi kwa kawaida unabaki juu yako. Waranti ya nyumba si hii wala ile. Ni mkataba wa huduma wa mwaka mmoja mmoja, unalipiwa dola mia kadhaa, na kila fundi anapoitwa unatoa ada, aghalabu kama dola 75 hadi 125.

Wanaoitetea wana hoja. Pampu ya joto hufanya kazi mwaka mzima: kiangazi inapoza kama kiyoyozi chochote, majira ya baridi inageuza mzunguko wake na kuvuta joto la nje kuliingiza ndani. Ndiyo maana hudumu kama miaka 10 hadi 15 tu, na miaka ya mwisho huharibika vipandevipande. Leo kapasita inayoamsha mota, kesho feni, Januari bodi inayoyeyusha barafu. Kila kimoja kinaweza kukutoa dola mia kadhaa mfukoni, na mwenye mkataba analipa ada tu. Familia iliyokomba akiba yote kwenye malipo ya awali ya nyumba, huku karo ya Kisii au Bukavu ikisubiriwa, inahitaji gharama inayotabirika. Tena mashine ikishindwa wakati wa baridi, nyumba haigandi mara moja: thamostati inaonyesha AUX, koili za umeme za akiba zinachukua kazi. Koili hizo hutoa uniti moja ya joto kwa uniti moja ya umeme, ambapo pampu nzima hutoa mbili au tatu. Wiki mbili za kumtafuta fundi zitaonekana kwenye bili.

Kwa matengenezo, basi, mkataba unajitetea. Kubadilisha mashine ni habari nyingine.

Anayeamua kama mashine itatengenezwa au itabadilishwa ni kampuni. Fundi anafungua, anapima, anapiga simu kuomba idhini, na anayempa idhini yuko ofisini, hajaiona mashine yako. Lililo na faida kwa ofisi hiyo ni matengenezo ya bei ndogo kuliko yote, hata kama ni ya tatu mwaka huo. Mambo yakifika kwenye kubadilisha, ndipo vifungu vinapotolewa: tatizo lilikuwepo kabla ya mkataba, hakuna risiti za huduma ya kila mwaka, na juu ya yote kikomo cha malipo. Tuseme fundi wa mtaani anataka dola 9,500 kwa mfumo mzima, na kikomo chako ni 3,000. Pengo la 6,500 ni lako. Mara nyingi kuna na mengine ambayo mkataba haugusi, au unayalipia kidogo: kibali cha mji, kuondoa gesi ya zamani kwa utaratibu wa sheria, kurekebisha nyaya au mifereji ya hewa ili kifaa kipya kikae. Soma pia kama kikomo ni cha mwaka mzima, kwa sababu hapo kila tengenezo la nyuma limeshakimega.

Suala la gesi, ile inayobeba joto ndani ya mabomba ya mashine, ndilo linalonisumbua zaidi, na wachache wanaliuliza. Kwenye ubavu wa sehemu ya nje pana kibandiko cha kiwanda kinachotaja gesi ya mashine. Kikisema R-22, mashine ni ya kale kweli: gesi hiyo haitengenezwi wala kuingizwa Marekani tangu Januari 1, 2020, na iliyobaki ni ghali. Mashine nyingi zilizofuata zinatumia R-410A, nayo imeanza kuagwa. Tangu Januari 1, 2025 viwanda haviruhusiwi kuunda mifumo mipya ya nyumbani ya R-410A. Iliyochukua nafasi inatumia R-454B au R-32. Gesi hizi hazichanganywi, na sehemu mpya ya nje inataka koili ya ndani, yaani mabomba ya gesi yaliyo ndani ya nyumba, inayoendana nayo.

Ila sheria iliacha mlango wazi kwa vipuri vya kuhudumia mifumo ya zamani. Kampuni ya waranti inaweza kupita hapo: ikafunga sehemu mpya ya nje ya R-410A na kuiunganisha na koili iliyokaa juu darini tangu 2011. Kwa macho umepata mashine mpya, kumbe nusu yake ina umri ule ule, na koili ikivuja mwakani unaanza upya, pengine mkataba ukiwa umekwisha.

Kwa hiyo, kwa mashine iliyovuka miaka 12, sioni sababu ya kununua mkataba kwa kutegemea kubadilishiwa. Ule wa bure wa mwaka wa kwanza utumie bila haya, ita fundi kwa kila mlio usioulewa, na tunza risiti. Mwenye mashine ya miaka saba na asiye na akiba anaweza kulipia, akishaona kikomo kwa macho yake na si kwa maneno ya muuzaji.

Kompresa, moyo wa mashine unaosukuma gesi, ikishakufa, ningeuliza pesa taslimu badala ya mashine. Kiasi hicho hupigwa hesabu kwa gharama ya kampuni, si bei unayotajiwa wewe dukani, kwa hiyo kitakuwa kidogo na kitakuudhi. Lakini kinakupa uhuru wa kumchagua fundi atakayepima mahitaji ya nyumba badala ya kunakili tani (kipimo cha nguvu ya mashine) zilezile za zamani, na wa kuchagua mashine yenye ufanisi wa kutosha kupata punguzo la kampuni ya umeme, pale linapotolewa. Nafuu ya kodi ya serikali kuu, asilimia 30 hadi dola 2,000, ilikoma kwa mashine zilizofungwa baada ya Desemba 31, 2025, kwa hiyo usiiweke tena kwenye hesabu. Kabla ya kukubali lolote, omba mchanganuo kwa maandishi: wanalipa nini, hawalipi nini, na kama koili ya ndani imo.